Kidokezo Huhukumiwa Baada ya Jibu

Ukitaja fumbo la maneno, wengi hukumbuka chemshabongo ya gazetini: visanduku vyeusi na vyeupe, na pembeni orodha ya maswali. "Mji mkuu wa Tanzania (6)." Namba ya kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu. Unaandika DODOMA, unasonga mbele. Hilo ni swali la maarifa tu. Ukijua unajaza, usipojua unaruka. Kuna aina nyingine, iliyokulia Uingereza na kupata huko wapenzi wa kufa na kuzikana, na hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze, kwa sababu naamini Kiswahili kinaiweza na kinaistahili.

Katika aina hiyo kila kidokezo ni sentensi yenye nyuso mbili. Ukiisoma haraka, inasimulia jambo la kawaida. Ukiichambua, unakuta upande mmoja umebeba maana ya jibu, na upande wa pili umebeba maelekezo ya kulijenga jibu hilo herufi kwa herufi. Huu hapa mfano nilioutunga:

Safari ikivurugika, tafuta mnyama wa kupanda (6).

Juu juu ni ushauri kwa msafiri aliyekwama. Ndani ni amri: chukua herufi za SAFARI, zivuruge, upate mnyama anayepandwa. FARASI. Herufi zilezile sita, hakuna iliyoongezwa wala iliyopungua. Na ukishalipata jibu, huna haja ya kusubiri gazeti la kesho ili uhakikishe. Maana imekubali na herufi zimekubali. Njia mbili zimekutana mahali pamoja.

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu wote. Kidokezo hakihukumiwi kwa jinsi kilivyomsumbua mtu kabla ya kujua jibu. Huhukumiwa baada ya jibu kujulikana, mtu anaporudi nyuma na kuuliza kila neno: wewe ulikuwa na kazi gani hapa? Neno lisiloweza kujibu swali hilo ni kosa, hata kama limeipamba sentensi.

Msimamo huu sikuuzua mimi. Fumbo la visanduku lenyewe lilichapishwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na lilikuwa la maswali ya maana tu. Lilipovuka bahari na kufika London, Edward Powys Mathers, mshairi na mfasiri, alianza mwaka 1926 kulitungia gazeti la Observer mafumbo ya nyuso mbili kwa jina la Torquemada. Alikuwa na kipaji kikubwa, lakini hakujifunga kwa kanuni. Mfumbuaji alilazimika kuotea alichokuwa nacho mtungaji kichwani. Alipofariki mwaka 1939 nafasi yake ilichukuliwa na D. S. Macnutt, mwalimu wa Kilatini na Kigiriki katika shule ya Christ's Hospital, aliyejiita Ximenes na kuendelea hadi kifo chake mwaka 1971. Mwaka uliofuata akaingia Jonathan Crowther kwa jina la Azed. Majina yote matatu yanatokana na wakuu wa mahakama ya kanisa iliyotesa watu Hispania zamani. Azed ni Deza lililosomwa kutoka nyuma.

Macnutt ndiye aliyeleta sheria. Alimfuata kasisi na mwalimu mmoja, A. F. Ritchie, aliyetunga kwa jina la Afrit na ambaye mwaka 1949 aliandika kanuni ambayo watungaji wanaikariri mpaka leo: mtungaji halazimiki kukusudia anachokisema, ila analazimika kusema anachokikusudia. Isome tena polepole. Ruhusa ya kupotosha imo humo, na mpaka wake umo humohumo. Unaweza kumfanya msomaji afikirie safari huku wewe una farasi. Huwezi kumtaka avuruge herufi wakati hukumwambia. Crowther baadaye akaifupisha sheria hiyo kuwa mambo matatu: maana sahihi ya jibu, njia ya pili ya haki ya kulifikia, na basi, kisiwepo kingine.

Hilo la tatu ndilo linalowashinda watu, na ndilo ambalo jaji wa shindano la vidokezo lazima alishike kwa mikono miwili. Tuchukue kidokezo hiki:

Nuksi mbaya imemmeza mfalme wa mwituni (5).

Chungulia ndani ya maneno mawili ya kwanza: nukSI MBAya. SIMBA yumo, amemezwa kweli. Sasa mtungaji mwingine anasema sentensi hiyo ni kavu, haina kisa, na anaandika: "Nuksi mbaya ya mchawi imemmeza mfalme wa mwituni." Inasomeka vizuri zaidi, nakubali. Sasa kuna mtu, kuna sababu, kuna hadithi. Lakini simba hayumo katika "ya mchawi." Maneno hayo mawili yameletwa kupamba tu, na mfumbuaji mwaminifu atapoteza muda wake kuyatafutia kazi ambayo hayakupewa. Mimi ningekitupa kidokezo hicho cha pili hata kama kingekuwa kitamu mara kumi. Anayefumbua anakupa imani yake. Anaamini kila neno uliloweka umeliweka kwa makusudi. Ukimfanyia hila hapo, fumbo linalofuata hataligusa.

Najua wapo wasiokubaliana na ukali huu, na mkubwa wao anastahili heshima. John Graham, kasisi wa Kianglikana aliyelitungia gazeti la Guardian kuanzia mwaka 1958 na baadaye kujulikana kwa jina la Araucaria, hakujali sana kila kipengele cha sheria za Macnutt. Alilegeza hapa na pale kwa ajili ya kicheko au picha nzuri, na alipendwa kuliko karibu watungaji wote wa zama zake. Mwezi Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 91, aliwajulisha wasomaji wake kwamba ana saratani ya umio, na aliwajulisha kwa fumbo: utangulizi wake ulikuwa na namba mahali pa maneno, ukifumbua namba hizo ndipo unaisoma habari. Alifariki Novemba mwaka huohuo. Siwezi kusoma kisa hicho nikasema mtu huyu hakuijua kazi yake. Lakini wanaomwiga wengi hulichukua lile legezo wakaacha mapenzi aliyokuwa nayo kwa msomaji, na kilichobaki ni uvivu. Kwa anayeanza, na kwa lugha inayoanza, sheria kwanza.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa pana utamu ambao Waingereza hawana. Sisi fumbo si geni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifumba mashairi na wenzake wakamjibu kwa mashairi, na methali inasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Tuna maneno tele yenye maana mbili: kaa, paa, ua, panda, mbuzi, kanga, meza. Mtu angedhani tunaweza kutunga vidokezo usiku na mchana. Shida ni moja, nayo ni upatanisho wa kisarufi.

Tuseme kuna shindano la kutunga vidokezo na neno lililotolewa ni MBUZI. Watu watatu wanaleta vidokezo vyao.

Wa kwanza: "Mnyama mwenye ndevu (5)." Hiki si fumbo, ni maelezo, na hata yakiwa maelezo, hayatoshi. Hakuna njia ya pili ya kuhakikisha. Anayeamua kuziita ndevu zile shungi za simba ataandika SIMBA na hutakuwa na hoja ya kumzuia. Nje.

Wa pili: "Mnyama anayekuna nazi (5)." Huyu ana jicho. Ameona kwamba mbuzi ni mnyama na pia ni kifaa cha kukunia nazi, na ameziunganisha maana mbili katika picha moja ya kuchekesha. Lakini mbuzi wa jikoni hasemwi "anayekuna." Wa malishoni ni mbuzi wangu, wa jikoni ni mbuzi yangu. Kiambishi kile "a-" kinamtaka kiumbe hai, na chombo si kiumbe hai. Mtungaji amesema kitu ambacho sarufi haikiruhusu kwa upande wa pili wa kidokezo chake. Kwa kanuni ya Ritchie, hakusema alichokikusudia. Nampa pongezi na simpi zawadi.

Wa tatu: "Hukaliwa jikoni, huchinjwa Idi (5)." Tazama alichofanya. Ametumia "hu-", ile ya mazoea, ambayo haibagui: mtu huja, gari huja, mvua huja. Hakuna kiambishi cha kumsaliti yeyote. Nusu ya kwanza ni kifaa, nusu ya pili ni mnyama, na sentensi nzima inamwacha msomaji akijiuliza ni kitu gani hicho watu wanakikalia kisha wanakichinja sikukuu. Kila neno lina kazi. Kuna mwamuzi mkali atakayesema kinachokaliwa ni kibao, na mbuzi ni kile chuma chenye meno tu. Hoja hiyo ni halali na ningeiandika kwenye maelezo yangu. Lakini Pwani ukiomba mbuzi unaletewa chombo kizima na kibao chake, unakaa, unakuna. Matumizi ya watu yanatosha. Zawadi ni yake.

Ndiyo maana nasema upatanisho si adui wa mtungaji wa Kiswahili. Unambana, na kubanwa huko ndiko kunakotenganisha fundi na mbabaishaji. Katika Kiingereza neno linaweza kujificha nyuma ya maana nyingine bila kubadilika hata kidogo. Kwetu lazima uitafute ile sentensi moja ambayo nyuso zote mbili zinapatana kisarufi, na ukiipata, hakuna atakayeweza kuipinga. Amri nayo ni rafiki kama "hu-": tafuta, geuza, shika hazina ngeli ndani yake.

Jambo jingine ambalo ningependa tulisimamie wenyewe bila kuiga ni silabi. Sikio la Mswahili husikia silabi kabla ya herufi. Watoto wa Zanzibar walizungumza kinyume, silabi ya mwisho ikitangulia mbele, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuchora visanduku. Kwa hiyo nikiandika

Geuza mali, shika jembe (4)

natarajia mfumbuaji ageuze MA-LI apate LI-MA, si kusoma herufi moja moja kutoka nyuma na kupata "ilam." Jaji aliyelelewa na mafumbo ya Kiingereza atasema nimekosea. Mimi nasema kwa Kiswahili hii ndiyo maana ya kwanza ya kugeuza neno, ilimradi mtungaji atangaze mapema kwamba kugeuza ni kwa silabi, na asibadilishe katikati ya fumbo. Wajapani hujaza visanduku vyao kwa silabi na hawajapata hasara. Vivyo hivyo itangazwe kama CH ni kisanduku kimoja au viwili, na NG' inaandikwaje. Mimi ningependa kila herufi na kisanduku chake kwa sasa, lakini nitakubali vyovyote, muradi nijue kabla sijashika kalamu.

Kuhusu majaji nina ombi moja. Katika shindano la Azed, kama lilivyorithiwa kutoka kwa Macnutt, wafumbuaji walipewa neno moja lisilo na fumbo, kila mmoja akalitungia kidokezo chake na kukituma. Kisha mwamuzi alitoa karatasi yenye vidokezo vilivyoshinda, vilivyosifiwa sana na vilivyosifiwa, pamoja na maelezo yake: kwa nini hiki kimepita, kosa gani limerudiwa na wengi, wapi yeye mwenyewe alisitasita. Karatasi hiyo ndiyo shule. Mashindano yetu mengi ya lugha hutangaza mshindi, hupiga picha na hundi, na yanaishia hapo. Aliyeshindwa hajui kilichomwangusha, aliyeshinda hajui kilichompandisha, na mwaka unaofuata makosa ni yaleyale. Jaji asiyetaka kuandika sababu zake asikubali kazi.

Kama mtu atalianzisha shindano hili kwa Kiswahili, napendekeza neno la kwanza liwe TEMBO. Yupo wa porini mwenye mkonga, na lipo la mnazi linalolewesha, na tofauti yao tumeikariri tangu utotoni bila kuitazama: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ile "li" imeshatoa siri, maana tembo wa porini angekuwa "humtia." Mtungaji atafute sentensi isiyotoa siri hiyo. Ataingia kwenye "hu-", bila shaka, na hapo pia awe macho. Akiniletea "hugema mnazini" nitamrudishia na maelezo: anayegema ni mgema, tembo hugemwa.