Barua pepe itoke saa ngapi, iingie saa ngapi?

Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Posta hadi Kurasini, programu ya barua pepe hufunguliwa asubuhi pamoja na kompyuta na haifungwi mpaka watu wanapoondoka jioni. Muda wote huo inaingiza barua na kutoa barua kwa ratiba ambayo mwenye kompyuta hakuipanga. Thunderbird, ikiachwa kama ilivyosakinishwa, huuliza seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inakofikia barua, kila baada ya dakika 10 kama kuna barua mpya. Outlook ya Windows ya muundo wa zamani huuliza kila baada ya dakika 30 kwa akaunti zinazohitaji kuulizwa. Na zote mbili hutoa barua mara tu kitufe cha kutuma kinapobonyezwa. Wapo wanaoshauri kwamba mtumiaji aichukue ratiba hiyo mikononi mwake: azime upokeaji wa moja kwa moja, asome barua kwa saa alizozichagua, na barua anazoandika zikae kidogo kabla ya kutoka. Wapo pia wanaoona ushauri huo ni anasa ya watu ambao hawana mteja anayewasubiri, kwa kuwa biashara ya leo haimvumilii anayejibu kesho.

Pande zote mbili zina hoja, lakini mabishano yao yamevurugwa na jambo moja, nalo ni kuzungumzia kutuma na kupokea kana kwamba ni kitu kimoja. Programu zenyewe zimechangia, maana katika Outlook kitufe cha F9 hufanya yote mawili kwa mpigo. Nionavyo, maamuzi haya mawili yanapaswa kutenganishwa kabisa. Kuchelewesha kutuma kwa dakika chache kunamfaa karibu kila mtu mwenye dawati. Kuchelewesha kupokea kunategemea unafanya kazi na nani, na saa yake inasomaje.

Mazoea ya kuviunganisha yalianzia enzi za intaneti ya laini ya simu ya mezani, ambapo kila dakika ya kuwa hewani ililipiwa. Programu ilipiga simu, ikatoa barua zote zilizokuwa zikisubiri, ikachukua zilizokuwa kwenye seva kwa njia ya POP3, inayoshusha barua kwenye kompyuta, ambayo kanuni zake zinazofuatwa hadi leo zilichapishwa mwaka 1996, kisha ikakata. Mwaka 1997 njia ya IMAP, ambayo huziacha barua kwenye seva na kuzionyesha kwenye kompyuta, ilipata nyongeza iitwayo IDLE, inayoiwezesha seva kuijulisha programu papo hapo kwamba barua imeingia, bila kusubiri kuulizwa. Tangu hapo ratiba ya dakika ilipoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, ingawa bado inaonekana kwenye ukurasa wa mipangilio kana kwamba ndiyo inayoamua kila kitu.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Mtu anabadilisha 10 kuwa 60, anahifadhi, anarudi kwenye kazi yake, na baada ya muda mfupi barua mpya inajitokeza kwenye kona ya kioo. Programu haina hitilafu. Katika Thunderbird yapo maelekezo mengine chini ya yale ya dakika, yanayoiruhusu seva kutoa taarifa mara moja, na yasipoondolewa alama, idadi ya dakika haina maana kwa akaunti ya IMAP. Kwa akaunti za Exchange au Microsoft 365, huduma za barua za Microsoft kwa ofisi, zikiwa ndani ya Outlook, ratiba ya dakika haizuii barua kuingia hata kidogo; anayetaka kimya cha kweli lazima aiweke programu katika hali ya kufanya kazi nje ya mtandao, au azime arifa peke yake na kuziacha barua ziingie bila kelele. Njia hiyo ya pili haisifiwi sana, lakini naiona ni bora kuliko ile ya kwanza, kwa sababu inakata usumbufu bila kukata mawasiliano.

Wanaotetea kupokea kwa vipindi wana ushahidi, ingawa si mzito kama unavyotangazwa. Mwaka 2015 Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, nchini Kanada, walichapisha utafiti uliowahusisha watu 124, ambao kwa wiki moja walitakiwa kufungua barua pepe mara tatu tu kwa siku na kwa wiki nyingine wafungue kila walipotaka. Wiki ya mara tatu ilionyesha msongo mdogo zaidi wa mawazo. Mwaka uliofuata Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, pamoja na wenzake, waliwafuatilia wafanyakazi katika kazi zao za kila siku na hawakupata ushahidi kwamba kusoma barua kwa mkupuo kunapunguza msongo. Tafiti hizi hazipingani kama inavyodhaniwa: ya kwanza iliwapa watu kanuni na ruhusa ya kuifuata, ya pili iliangalia tabia walizokuwa nazo tayari. Anayezinukuu, awe wa upande huu au ule, angetakiwa kwanza kusema kama msomaji wake ana ruhusa hiyo.

Chukua kazi ya wakala wa forodha mwenye wateja wanaoagiza bidhaa Guangzhou. China iko mbele yetu kwa saa tano. Ofisi ya msafirishaji ikifungwa kule saa kumi na mbili jioni, hapa ni saa saba mchana tu. Mtu wa kule anatuma rasimu ya hati ya shehena, ile ambayo mawakala huiita BL, ili jina la mwagizaji, namba ya TIN na maelezo ya mzigo vihakikiwe kabla hati haijatolewa. Wakala aliyejipangia kusoma barua saa nne asubuhi na saa tisa alasiri anaweza kuikuta rasimu iliyoingia saa tano ikiwa imemsubiri kwa saa nne. Akijibu, kule ni saa mbili usiku na hakuna mtu ofisini. Marekebisho yanasogea hadi kesho yake, na ikiwa kesho yake ni Jumamosi, yanasogea hadi Jumatatu. Hati ikishatolewa na kosa, kuirekebisha ni gharama na usumbufu, na mzigo unaweza kufika bandarini huku makaratasi yakiwa bado yanasahihishwa na siku za bure za kontena zikiisha.

Kwa mtu huyo, ushauri wa mara tatu kwa siku haufai jinsi ulivyo, ila hata yeye hahitaji kushtuliwa na kila tangazo la semina. Kinachomfaa ni kupokea bila kikomo mpaka saa saba au saa nane mchana, kwa arifa zinazolia kwa anwani chache alizozitaja kwa kanuni ya programu, yaani agizo ambalo programu hulitekeleza yenyewe, kisha mchana atulie na kadhia zake za forodha. Mhasibu anayefunga hesabu za mwezi katika jengo hilohilo anaweza kufanya kinyume chake na asipoteze chochote. Ndiyo maana waraka wa ofisi nzima unaoagiza saa moja ya kusoma barua kwa wote huwa haudumu.

Hali ya umeme na mtandao nayo ina neno. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na watumiaji wa intaneti nchini wakakumbuka jinsi mji huu unavyotegemea nyuzi chache zilizolazwa chini ya bahari. Katika siku ya namna hiyo programu ya kompyuta ina faida ambayo ukurasa wa kivinjari unashindwa kuitoa kirahisi, kwa kuwa barua zilizokwisha kushushwa zinasomeka na majibu yanaandikwa, yakisubiri mtandao urudi. Wanaofanya kazi kwa kifurushi cha simu wana sababu nyingine ya kuidhibiti ratiba. Kiambatisho hugeuzwa kuwa maandishi kabla ya kusafiri, na ugeuzaji huo huongeza ukubwa wake kwa takribani theluthi moja, hivyo hati iliyoskaniwa yenye MB 6 hutoka ikiwa na kama MB 8. Katika akaunti nyingi za IMAP programu hupandisha nakala ya pili kwenye folda ya barua zilizotumwa, isipokuwa pale ambapo mtoa huduma huihifadhi mwenyewe. Barua moja, MB 16 za bando. Anayeziacha za namna hiyo zisubiri mpaka afike kwenye Wi-Fi ya ofisi, kwa kuchagua kutuma baadaye badala ya kutuma, ana hesabu nzuri.

Upande wa kutuma ndio ninaouona hauna mjadala mkubwa, na ajabu ni kwamba ndio unaotumika kidogo zaidi. Kosa la barua pepe huonekana sekunde chache baada ya kubonyeza: ankara haikuambatishwa, jina la mteja mmoja limeandikwa kwenye barua ya mwingine, au jibu lililokusudiwa kwa mwenzako limekwenda kwa wote waliotajwa. Gmail hutoa hadi sekunde 30 za kughairi. Outlook ya zamani inaruhusu kanuni ya kuzuia kila barua kwa muda wowote hadi dakika 120, na dakika mbili zinatosha. Ile huduma ya kuirudisha barua iliyokwisha kutoka isitegemewe, kwani imetengenezwa kwa walio ndani ya taasisi moja na haiwezi kumfuata mpokeaji aliye nje. Pia katika zama hizi za matapeli wanaojifanya wauzaji na kuomba malipo yaelekezwe kwenye akaunti mpya ya benki, dakika mbili za kuitazama tena anwani ya unayemjibu zina thamani yake.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba barua inayosubiri kwenye kompyuta bado haijaondoka. Umeme ukikatika na betri ya kompyuta mpakato ikiwa imechoka, au mtu akifunga kifuniko na kuwahi mwendokasi, barua aliyoipangia saa mbili asubuhi ya Jumatatu italala palepale mpaka programu ifunguliwe tena. Kwa hiyo kuchelewesha kwa dakika kufanyike kwenye kompyuta, lakini kupanga kwa saa au siku kuachiwe seva, kama zinavyofanya Gmail na Outlook mpya, ili barua itoke hata kama mwenyewe yuko kwenye foleni ya Ubungo na kompyuta imezimwa.

Sheria nayo inatazama hapohapo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inahesabu ujumbe kuwa umetumwa pale unapoingia katika mfumo wa kompyuta ulio nje ya udhibiti wa aliyeutuma. Kubonyeza kitufe peke yake si kutuma. Zabuni za serikali sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST, lakini kampuni binafsi na mashirika mengi yangali yanaomba bei kwa barua pepe na kutaja saa ya mwisho. Bei iliyobonyezwa saa tisa na dakika 59 alasiri, chini ya kanuni ya dakika mbili, itatoka saa kumi na dakika moja, na mwenye zabuni ya saa kumi kamili ana haki ya kuikataa. Kanuni ya Outlook inakubali msamaha kwa barua zilizowekwa alama ya umuhimu mkubwa. Msamaha huo uwekwe siku ileile kanuni inapoandikwa, na anayeandaa bei za ofisi aoneshwe alama yenyewe iko wapi.