Shingo Iliyochagua Upande

Spika ndogo za masikioni, zile ambazo waimbaji wa bendi huzivaa jukwaani ili wajisikie wenyewe bila kutegemea maspika makubwa ya ukumbini, zina kiungo kimoja ambacho watengenezaji hukisifu na waimbaji hukiogopa. Waya wake haukuunganishwa moja kwa moja na spika, bali huchomekwa kwa pini mbili nyembamba, hivyo ukikatika hununuliwa mwingine bila kuitupa spika yenyewe, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye gharama. Huo ni ufundi wa busara. Kasoro yake ni kwamba kila kinachochomekwa huweza kuchomoka, na kati ya kuchomeka na kuchomoka ipo hali ya tatu, ya kulegea, ambayo ndiyo iliyonigombanisha na koo mbili za Tanga katika usiku mmoja wa harusi.

Waya wangu wa asili ulitafunwa na panya katika stoo ya kikundi chetu cha taarabu. Kiongozi wa kikundi, ambaye akitoa fedha hupata homa, alinunua mwingine Kariakoo alipokwenda Dar es Salaam kwa shughuli zake, akaridhika kwamba una pini mbili na rangi yake inapendeza. Matundu ya spika zangu yametengenezwa kwa pini zenye unene wa milimita 0.78. Waya ule ulikuwa na pini za milimita 0.75, kipimo ambacho nacho kimeenea sana sokoni, hasa katika spika za bei nafuu. Tofauti hiyo ya milimita 0.03 ni nyembamba kuliko unywele na jicho haliioni, lakini sikio huisikia vizuri sana. Upande wa kulia ulikaa kwa bahati tu. Wa kushoto uliingia bila ubishi wowote, jambo ambalo fundi mitambo wetu alilitilia shaka tangu mwanzo, kwa sababu pini njema, alisema, huingia kwa kukataakataa.

Mazoezini spika ya kushoto ilianza kukatika na kurudi kwa mlio wa kukwaruza, na papo hapo kila mwanakikundi akawa tabibu. Mpiga dramu alipendekeza jojo iliyotafunwa. Mpiga gita la besi alileta gundi kali, ile inayogandisha vidole kabla haijagandisha kilichokusudiwa, na fundi mitambo akamnyang'anya kwa maelezo kwamba gundi ya namna hiyo hujipenyeza yenyewe hadi ndani ya tundu, ikalifunika chuma, na chuma kilichofunikwa hakipitishi umeme. Yeye alifuta pini kwa pamba yenye spiriti, akasubiri zikauke, akazirudisha, kisha akamwambia kiongozi kwamba dawa ya kweli ni waya wa kipimo chake. Kiongozi akajibu kwamba harusi kwanza, waya baadaye.

Ukumbi ule ulipangwa kwa namna ambayo jamaa wa kiumeni walikaa kulia kwangu na jamaa wa kikeni, ambao ndio waliotukodi na kutulipa, wakakaa kushoto. Kabla ya kupanda jukwaani, mpambaji alinifunga mtandio kwa vibanio vingi mno, safu juu ya safu, akanionya kwamba atakayeugusa kabla ya usiku kwisha atalipia upya. Spika zilikuwa ndani ya mtandio huo, na nyaya zake zimepita nyuma ya masikio na kushuka mgongoni hadi kwenye kipokezi kilichobanwa kiunoni.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kumsifu mama wa bibi harusi kwa malezi mema. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha, sikio la kushoto likafa. Asiyewahi kuvaa spika hizi atauliza kwa nini nisiendelee na sikio moja. Sikio lililozibwa vizuri halafu likanyimwa muziki halibaki kimya; sauti yako mwenyewe hulivamia kupitia mifupa ya fuvu, nzito na yenye kuvuma, na hujui tena kama uko kwenye ufunguo wa wimbo au umeuacha. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alijisikiliza kwa masikio aliyopewa na Mola na hakuhitaji pini ya mtu. Lakini yeye hakusimama kando ya dramu na kinanda vilivyofunguliwa sauti hadi mwisho.

Nikageuza kichwa kulia kidogo, na muziki ukarudi. Nikakirudisha katikati, ukatoweka kwa mkwaruzo uliotaka kunitoa machozi. Nikageuza tena, ukarudi. Sababu yake ni nyepesi kueleza sasa, ingawa wakati ule niliihisi tu kwa shingo: ukitazama kulia, sikio la kushoto husogea mbele, waya wake unavutika kutoka mgongoni, pini zinalala upande mmoja ndani ya tundu lililo pana kuliko zinavyostahili, na zikilala hivyo zinagusa chuma. Ukitazama mbele, waya unalegea, pini zinaning'inia, na sauti inaondoka. Kwa hiyo niliimba nikiwa nimegeukia kulia. Wimbo wa taarabu ya kisasa huweza kupita dakika 10, na kwa muda wote huo sifa za mama wa bibi harusi, maziwa yake, subira yake na usiku aliokesha, nilizimimina usoni mwa mama wa bwana harusi, ambaye mwanzoni alitazama nyuma yake kuona ni nani anayeimbiwa, kisha akazipokea kwa kupunga leso.

Wimbo ulipokwisha, shangazi wa bibi harusi alisogea kando ya jukwaa.

"Mwanangu," alisema, "sisi tumekukosea nini?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea, lakini uso wako sijauona tangu umeanza kuimba."

"Uniwie radhi, shangazi, ni waya."

"Waya ndio unaokukataza kumtazama wifi yangu?"

Jibu la kweli lilikuwa ndiyo, na nililitoa. Shangazi alinitazama kama mtu aliyewahi kusikia visingizio vingi katika maisha yake, vikiwemo vya wanaume, lakini hajawahi kupewa kilicho dhaifu kiasi hicho. Aliondoka bila kuaga.

Wimbo wa pili, kwa mpangilio ambao kiongozi aliuandika mwenyewe, ulikuwa wa mipasho.

Msomaji wa pwani ameshaelewa hatari yake. Mpasho hauna jina la mtu ndani yake, na ndiyo maana una nguvu. Jina lake ni jicho la mwimbaji. Mwimbaji mwenye adabu hulizungusha jicho hilo ukumbi mzima ili kila mtu amdhanie jirani yake. Mimi shingo yangu ilikuwa imefungwa na milimita 0.03, na mbele ya shingo hiyo ilikuwapo meza ya wajomba na shangazi wa bwana harusi, sahani zao za pilau zikiwa zimejaa kwa mara nyingine. Nikafikia ubeti huu:

Mgeni mla vya watu, chake hafunui chungu,
Kila juma huja kwetu, kwake hufunga kwa pingu.

Mjomba mmoja alirudisha paja la kuku sahanini. Upande wa kikeni ulilipuka kwa vigelegele, kwani, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye, jamaa wale walikuwa na desturi ya kufika kwa wakwe kila Ijumaa saa ya chakula wakidai wanafuatilia maandalizi ya harusi. Shangazi yule yule aliyenikasirikia alikuwa wa kwanza kupanda kunitunza, akicheza kwa madaha na kuzipeperusha noti upande wa kulia ili zionekane vizuri kabla hajaniwekea mkononi. Wenzake wakamfuata kwa foleni. Kiumeni hawakukubali, mwanamke mmoja mwenye dhahabu nyingi alipanda na noti kubwa zaidi, akamnong'oneza mpiga kinanda kwamba anataka ubeti urudiwe na mwimbaji aangalie kule, akanyoosha kidole kushoto. Nilijaribu kwa moyo safi. Nikageuza uso kushoto, sikio likakwaruza kwa ukali, nikaruka kama niliyeumwa na siafu na kurudi kulia katika neno "chungu". Ukumbi ulitafsiri kwamba nimeikataa fedha ya kiumeni.

Nilimpa kiongozi ishara kwamba tusimame ili kiungo kitengenezwe. Yeye alikuwa akikusanya noti zilizodondoka.

"Dada," alinijibu akiwa ameinama, "hiyo shingo usiigeuze."

Aliyetuokoa alikuwa mzee mmoja wa kiumeni, aliyesimama na kuomba mapumziko ili wageni wasali na kunywa chai. Mimi niliingizwa katika chumba cha kina mama, mpambaji akachomoa vibanio huku akilalamika, na spika ya kushoto ikatoka. Fundi mitambo, akiwa mwanamume, hakuruhusiwa kuvuka mlango ule, kwa hiyo kazi ilifanyika ukumbini kwa mwanga wa simu, na mjumbe baina yetu akawa mtoto mdogo wa kikeni aliyevaa kanzu mpya. Fundi alizitanua pini kidogo mno, kila moja ikiegemea nje, ili zisukume kuta za tundu badala ya kuelea ndani yake. Ni kazi ya mkono mwepesi, kwa sababu pini ikikunjwa mara nyingi hukatika, na ikikatikia ndani ya tundu huhitaji sindano, kikuza macho na bahati kuitoa. Alichomeka, akavutavuta, ikakaa. Akamkabidhi mtoto vyote vikiwa vimeungana.

Mtoto, kwa udadisi ambao siku nyingine ungestahili pongezi, alitaka kuona kitu kilichowagombanisha watu wazima. Alivitenganisha njiani na kuviunganisha tena, ila pini aliyoikuta juu akaiweka chini. Pini mbili za aina hii huingia kokote utakakozielekeza, na spika haigomi; inaimba vilevile, isipokuwa utando wa upande mmoja unasukuma wakati wa upande wa pili unavuta. Nilipovaa na kupanda jukwaani, shingo ilikuwa huru kabisa na muziki haukukatika hata mara moja, lakini besi ilikuwa imenyauka na sauti yangu, ambayo hukaa katikati ya kichwa, ilikuwa imehamia mahali fulani nje ya ukumbi. Kila nilipoimba kwa kiasi, nilijisikia kwa mbali. Nikaongeza nguvu.

Wimbo huo ulikuwa wa nasaha kwa bibi harusi. Huimbwa kwa upole, karibu kama kunong'ona, kumweleza mwari namna ya kuishi na watu kwa subira. Kiongozi alikuwa ameniagiza nifidie kosa la mwanzo kwa kuwatazama kikeni muda wote, na bibi harusi nimtazame zaidi. Nilimtazama macho kwa macho, nikamfokea kwa dakika zote za wimbo kwamba awe mpole. Alianza kulia katika ubeti wa pili. Mama yake alisimama. Upande wa kulia, yule mwenye dhahabu alirudi kunitunza kwa furaha isiyofichika, na safari hii nilimtazama.

Fundi mitambo alitambua ubaya uko wapi kwa kuisikiliza spika tulipokuwa tukifungasha vyombo: alichomoa pini, akazigeuza, akachomeka, na besi ikarudi mara moja. Baada ya hapo aliniletea waya wa milimita 0.78, ambao uliingia kwa kukataakataa kama alivyotaka, na ule wa Kariakoo akaukata vipande ili asije mtu akaupenda tena. Kiongozi aliomba apewe vipande hivyo na hakusema vya nini.

Nilikwenda kwa familia zote mbili na spika mkononi, nikawaonyesha pini na matundu. Kikeni walinisikiliza kwa heshima na hawakuamini neno hata moja. Kiumeni hawakutaka hata kuitazama spika. Walikuwa na binti wao wa kuozwa mwezi uliofuata, wakataka kutukodi, na swali lao lilikuwa moja tu: wakwe wakikalishwa kulia kwa mwimbaji, bei itapanda kwa kiasi gani?