Jaji wangu, jaji wako

Juzi binamu yangu alituma ujumbe mrefu kwenye kundi letu la familia akitetea uhuru wa mahakama. Kila neno lake ningelitia sahihi. Shida ni kwamba namkumbuka mwaka 2021, kwenye kundi hilihilo, akituambia kuwa Rais ana haki ya kumkataa jaji asiyemwamini. Nikautafuta ujumbe ule wa zamani nikamrudishia. Akajibu, "Wakati ule mambo yalikuwa tofauti."

Yalikuwa tofauti kwa jambo moja tu: Ikulu alikuwamo mtu wake.

Hatujasahau. Tume ya Huduma za Mahakama ya Kenya ilipendekeza majina 41 ya watu wa kuteuliwa majaji mwaka 2019. Ibara ya 166 ya Katiba haimwachii Rais nafasi ya kuchagua humo. Anateua kwa mujibu wa pendekezo la tume. Uhuru Kenyatta, Rais wa wakati ule, akayakalia majina yale. Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema amevunja Katiba, naye hakutikisika. Mmoja wa waliopendekezwa akafariki kabla ya kuapa. Jaji Mkuu David Maraga akastaafu bila kumwona hata mmoja wao akishika kitabu. Juni 2021 ndipo wakateuliwa 34, na sita wakaachwa nje: Muchelule, Korir, Odunga, Joel Ngugi, Omange na Makori.

Tukaambiwa kuna ripoti ya ujasusi dhidi yao. Mimi nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba jaji anayeshukiwa rushwa lazima achunguzwe. Lakini wanne kati ya wale sita walikuwa tayari ni majaji wa Mahakama Kuu, na waliendelea kuketi humo. Asubuhi baada ya kukataliwa waliingia kazini, wakasikiza kesi, wakaamua nani arithi na nani afungwe. Kama kweli walikuwa na doa, mbona hakupelekwa mtu mbele ya jopo la kumwondoa jaji chini ya ibara ya 168? Na kama hawakuwa nalo, walizuiwa kwa kosa gani? Odunga na Ngugi walikuwa miongoni mwa majaji watano walioiangusha BBI, ule mpango wa Rais wa kuibadili Katiba, tarehe 13 Mei 2021. Majina yao yaliachwa siku 21 baadaye. Sisemi hiyo ndiyo sababu, maana orodha ilikuwa imekwama tangu 2019, lakini Mkenya aliyeshuku simlaumu. Binamu yangu alikuwa na akili ya kuuliza maswali haya yote. Hakuuliza hata moja.

Shemeji yangu yuko upande wa pili, na yeye hana nafuu. William Ruto alipotangaza pale uwanja wa Kasarani, siku ya kuapishwa kuwa Rais, kwamba anawateua wale sita, shemeji alitupigia simu nyumba nzima, na walipoapa kesho yake, Septemba 14, 2022, alisema sasa sheria imerudi nchini. Nilifurahi pamoja naye, ingawa Ruto alikuwa Naibu Rais wa serikali iliyoyakalia majina yale 41. Haukupita mwaka mmoja na nusu. Januari 2024 Rais huyohuyo akawashutumu majaji kwamba wanashirikiana na wapinzani kukwamisha miradi yake. Mawakili wakaandamana. Shemeji akasema majaji wamezidi, wanyooshwe.

Ndugu zangu hawa wawili wamebadilishana viti, na kila mmoja anajiona hajasogea.

Kinachoniuma zaidi ni ami yangu, ambaye hana chama. Katika yale majina 41, 20 yalikuwa ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na sisi watu wa Pwani tunajua maana ya kesi ya shamba. Miaka ile ami alikuwa akitoka nyumbani baada ya swala ya alfajiri, kanzu imepigwa pasi, hati zake ndani ya mfuko wa plastiki alioukunja mara mbili zisipate maji. Saa tano anarudi na tarehe nyingine. Jaji mmoja, faili mlima. Mzee aliyekuwa shahidi wake, ambaye kwa ujana wake aliupanda kwa mkono wake mnazi wa mpakani, alifariki katika kungoja huko. Alichokijua hakikuandikwa mahali popote.

Nani alimtetea ami? Binamu alikuwa akimlinda Rais wake. Shemeji alikuwa akiwahesabu majaji sita kama mabao ya timu. Hakuna aliyesema kwamba kiti cha jaji kikikaa kitupu, anayeumia ni yule aliyeketi kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi akingoja jina lake liitwe.

Nilimwandikia hivyo binamu. Ameusoma ujumbe, hajajibu.

Kesi ya ami inatajwa tena mwezi ujao. Shahidi aliyebaki ana miaka 81.