Khalati na Jakuzi la Darini

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kutunza jakuzi, lile beseni kubwa la maji moto ya viputo, huko Shela kisiwani Lamu, huniuliza kama ule mchanga wa vilimani haunitesi. Haunitesi. Mchanga huzama, hufyonzwa, umekwisha. Majani ya mwarobaini huokolewa kwa wavu. Mafuta ya kujipaka juani, jasho, vipodozi vya bibi harusi, vyote vina dawa yake. Asiye na dawa ni mtu msafi, na mtu msafi kuliko wote kisiwani ni khalati yangu, dada yake mama, ambaye ndiye msimamizi wa nyumba hiyohiyo.

Nyumba ni ya Mzungu mmoja anayekuja mara moja moja, akiondoka hupangishwa wageni. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ghorofa juu ya ghorofa, na juu kabisa, chini ya makuti, lipo jakuzi la watu watano, lita 1,200. Namna lilivyopandishwa kule juu ni kisa kingine, na mafundi wawili waliolibeba hadi leo hawasemezani.

Jakuzi si bwawa dogo. Kwenye bwawa la kuogelea maji ni mengi na watu ni wachache. Kwenye jakuzi watu wanne wanajibana ndani ya maji ya nyuzi 38 hadi 40, wanatoka jasho, halafu wanasifu jinsi maji yalivyo safi. Joto hilo humaliza klorini upesi, na ndilo joto wanalolipenda vijidudu. Kuna mmoja anaitwa Pseudomonas, humwachia mgeni vipele vyekundu, hasa pale nguo ya kuogelea ilipobana, na mgeni akishapata vipele huandika maneno marefu sana kuhusu nyumba yako. Kwa hiyo kila asubuhi nachovya karatasi ya kupimia. Klorini isipungue miligramu 3 kwa lita, pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi majini, iwe kati ya 7.2 na 7.8, na alkali, inayoizuia pH isiyumbe, iwe kati ya 80 na 120. Ikizidi hiyo pH, klorini ipo lakini imelala. Ikishuka, maji yanawasha macho na kuila hita.

Siku Khalati aliponiona mara ya kwanza nimeinua kile kikaratasi juani nasubiri kigeuke rangi, aliweka ndoo chini.

"Mwanangu, hayo ni mai au ni mkojo wa mgonjwa?"

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu, akamaliza, akaniambia kwamba kwa marehemu bibi chooni mlikuwa na birika la chokaa, mna samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, watu wakakoga humo vizazi na vizazi, na hakuna aliyepima kitu.

"Watie samaki," akasema.

"Khalati, maji haya ni nyuzi 39. Tutapata supu."

"Na hiyo dawa yako?"

"Itawaua kabla ya moto."

"Basi wewe ndiye mwenye mai machafu. Mai yanayoua samaki ni mai safi hayo?"

Sina jibu la swali hilo mpaka leo. Wala la lile jingine la harufu. Jakuzi likinuka dawa, kila mtu husema klorini imezidi, na Khalati ndiye kiongozi wao. Ukweli ni kinyume: ile harufu kali ni ya klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, ikachoka, na tiba yake ni kuongeza klorini. Nimewaeleza watu wengi jambo hili. Hajaniamini hata mmoja.

Sasa, moyo wa jakuzi ni kichujio. Ni mrija mnene wa kitambaa kilichokunjwakunjwa, mikunjo mingi, na kila mkunjo unashika uchafu wake. Hutolewa, hupigwa maji ya mpira mkunjo kwa mkunjo, hurudishwa. Hakiwi cheupe tena baada ya mwezi wa kwanza, nacho hakihitaji kuwa cheupe. Kina rangi ya chai ya maziwa na kinafanya kazi. Rangi hiyo ilikuwa ikimnyima Khalati usingizi. Alikuwa akikipita pale kinapochuruzika akigeuza uso.

Wiki hiyo dawa zetu zilikuwa zimefika Mokowe, gati la upande wa bara, kwa basi, ikabidi niende kuzichukua mwenyewe kwa sababu hakuna nahodha anayekubali kuzibeba bila mwenyewe kuwepo. Wana haki. Klorini na asidi havikai pamoja, vikimwagikiana hutoa gesi ya kutimua boti nzima. Nikakaa katikati, klorini ya chembechembe mbele omoni, asidi nyuma tezini, na abiria wote wakanipisha kwa heshima ambayo sijawahi kuipata nikiwa mikono mitupu. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimekitoa kichujio, nikamwambia Khalati kimekwisha kusuuzwa, asubuhi akirudishe tu mahali pake.

Khalati alikisikia "kimekwisha kusuuzwa" akakitazama kile kichujio, na nadhani ndani ya nafsi yake alinionea huruma.

Alikiloweka usiku kucha kwenye ndoo ya sabuni ya unga. Si kijiko, kopo. Asubuhi akakisugua kwa brashi, akakianika, akakigonga ukutani, akakirudisha. Baadaye alisema, na sikupinga, kwamba tangu kinunuliwe hakijapata kuwa cheupe namna ile.

Wageni waliokuwepo walikuwa bwana na bibi kutoka Nairobi, wako fungate. Mchana walikwenda kutazama magofu ya Takwa kisiwani Manda, wakarudi na jua la jioni, wakapanda juu, wakaingia majini, wakabonyeza kile kitufe cha viputo.

Inafaa ujue kitufe hicho kinafanya nini. Jakuzi limechukua jina la familia ya Kiitaliano iliyohamia Marekani, watu waliokuwa wakitengeneza pampu za maji za mashamba, na pampu yao ya kuogea iliyoingia sokoni 1956 ilianza kwa kumtibu mtoto wao aliyekuwa na baridi yabisi. Hadi leo kazi ni ileile: pampu husukuma maji kwa nguvu na kuyachanganya na hewa. Maji matupu yakichanganywa na hewa, viputo hupasuka papo hapo. Maji yenye sabuni hayapasui kitu. Na msimu ule tulilijaza jakuzi maji ya mvua kutoka kwenye tangi, maji laini yasiyo na chokaa wala chumvi, ambayo sabuni huyapenda sana. Laiti yangekuwa ya kisima labda tungepata nusu ya balaa. Labda. Sabuni ya kipande hukataa kutoa povu kwenye maji ya chumvichumvi, kila mtu wa pwani anajua, ndiyo maana Khalati anapenda ya unga, nayo haichagui maji.

Mimi ndipo nilikuwa nashuka gatini Shela na madumu yangu. Nikainua macho kuitazama nyumba, kama nifanyavyo siku zote, nikaona makuti yana theluji.

Povu lilikuwa limekwisha kujaza sakafu ya juu, limepita kwenye tundu za ukuta, linashuka ubavuni mwa nyumba taratibu, bila haraka yoyote, likiingia uchochoroni. Na ule uchochoro ndio ndia ya msikitini, na adhana ya Magharibi ilikuwa imeshatolewa.

Nilipofika, povu lilikuwa la magoti. Watoto wamo ndani, wengine huwaoni, unasikia vicheko tu. Punda wa jirani, aliyekuwa amebeba mchanga wa ujenzi, alisimama katikati, povu limemfika tumboni, akalinusa, akalilamba, akatafakari, akalilamba tena. Mwenyewe anamvuta kwa mbele, punda hataki, ameshaona maisha. Upande wa pili wazee wanne na kanzu zao nyeupe wamesimama kwenye kizingiti cha baraza, hawawezi kwenda wala kurudi. Mmoja akamgeukia mwenzake, ambaye ndiye mjuzi wa mambo ya fiqhi mtaani petu.

"Sheikh, je, povu hili lavunja udhu?"

Sheikh akaliangalia kwa makini. "Udhu halivundi. Lakini jiwe hilo lina utelezi, litakuvunda wewe."

Wakapita mwa ukuta, wameshikana mabega, kanzu wamezikunja mpaka magotini, na nilimsikia wa mwisho akisema kwa sauti ya chini kwamba lanukia vizuri.

Nikapanda ngazi mbio. Juu sikuona jakuzi. Niliona kilima cheupe, na kwenye kilima kichwa cha mwanamume, na pembeni mkono wa mwanamke umeinua simu, unarekodi.

"Bosi," kichwa kikasema, kwa utulivu kabisa, "hii kitu inazimwa wapi?"

"Muda gani imekuwa hivi?"

"Kitambo. Tulidhani ni ya fungate. Mrembo alisema mmetuandalia."

Nikaingia, nikapapasa, nikakipata kitufe, nikazima. Pampu ikanyamaza. Povu halikunyamaza. Povu la sabuni ya kufulia likishasimama, husimama. Ipo dawa ya kuvunja povu, vijiko kadhaa tu na limelala, na chupa yetu ilikuwa imeisha, na mpya ilikuwa ndani ya mzigo, chini, gatini, nilikoitupa nilipoanza kukimbia.

Ndipo Khalati akatokea ngazini na chupa ya mafuta ya nazi.

"Khalati, usi—"

Akamimina. Ninakiri, jambo lenyewe lilikuwa la ajabu kulitazama. Mafuta hupasua povu, hilo ni kweli, kila aliyepika wali wa nazi na kuona sufuria ikitaka kufurika analijua. Kile kilima kikaanza kuzama, kikazama, mabega ya bwana harusi yakaonekana, halafu bibi harusi mzima, halafu jakuzi. Khalati akasimama ameshika kiuno, chupa tupu mkononi, uso umejaa ushindi.

"Dawa zako za madumu! Umeona?"

Niliona. Niliona pia kwamba maji yamekuwa mchuzi. Duara la mafuta lilikuwa limeshika ukingoni pande zote, na kichujio, kile cheupe, kilikuwa kinayafyonza mafuta hayo kwa bidii zake zote. Bwana harusi alijaribu kutoka. Alishika ukingo, ukingo ukamwachia. Akajaribu tena. Mara ya tatu tulimvuta mimi na Khalati, yeye amefunika macho kwa ncha ya leso kwa heshima, akivuta upande usio sahihi. Bibi harusi hakuacha kurekodi.

Maji yenye sabuni na mafuta hayatibiki. Ungeweza kutia klorini mpaka Lamu nzima ipige chafya, sabuni ingebaki pale pale. Dawa ni kumwaga, kufuta ganda lote, kujaza, kuendesha pampu ili sabuni iliyojificha kwenye mabomba itoke, kumwaga tena, na kujaza tena. Kichujio kikatupwa. Khalati alikiokota kwenye takataka akauliza kwa nini natupa kitu kisafi.

Tangi la mvua likakauka katika ujazaji wa kwanza. Wa pili ukawa wa maji ya kisima kwa punda. Piga hesabu: punda mmoja hubeba madumu manne ya lita 20, na jakuzi ni lita 1,200. Ni safari kumi na tano za punda, na mwenye punda wa mtaani ni mmoja tu aliyekuwa na nafasi, naye ni yuleyule.

"Bei imepanda," akaniambia.

"Kwa nini?"

"Punda wangu tangu siku ile akifika uchochoro huu husimama. Anangoja povu. Napoteza muda."

Maji ya kisima nayo yakaja na tabia zake. Yamepita kwenye matumbawe, yana chokaa tele, na chokaa, maji ya moto na pH ya juu vikikutana huganda ndani ya hita ukoko mweupe. Maji ya mvua nilikuwa nayapandisha alkali kwa magadi soda ya kupikia, na pH ikilegea naongeza soda ash, si ile ya kupikia bali ile itokanayo na magadi tunayoyachimba wenyewe Ziwa Magadi, ingawa dukani huuzwa kwenye ndoo ya kizungu kwa bei ya kizungu. Haya ya kisima hayakutaka chochote cha hayo. Yalitaka asidi, kidogokidogo, pampu ikizunguka, na subira. Alkali kwanza ikae sawa, halafu pH, klorini mwisho. Khalati alikuja kusimama nyuma yangu nilipokuwa napima, akatazama kikaratasi.

"Mgonjwa aendeleaje?"

"Anapata nafuu."

Wale wageni walikuwa wameshaondoka, na video ilikuwa imeshatangulia mbele yao. Nilitegemea mwenye nyumba anipigie kwa hasira. Alipiga, lakini alikuwa anacheka mpaka hasemi, na alipopata pumzi akauliza tu punda ni wa nani.

Juzi simu ya nyumba iliita nikiwa na mkono ndani ya maji, Khalati akaipokea. Ilikuwa sauti ya dada mmoja wa Mombasa, anataka vyumba vyote kwa ajili ya harusi, na ana swali moja kabla ya kulipa: je, lile povu linahesabiwa ndani ya bei, au linalipiwa mbali?

Nilimpungia mkono Khalati kwamba hapana, hakuna, mwambie hakuna. Akanipa mgongo.

"Lalipiwa mbali, mwanangu," akamwambia. "Na utuambie siku moya kabla. Kichujio chataka kulowekwa."