Harusi yako haiko kwenye linki

Mimi napiga video za harusi, na kinachonichosha siku hizi sio MC anayekatiza mbele ya kamera wala mjomba anayesimama katikati na simu yake wakati keki inakatwa, ni ile simu ya miezi minne baadae, "Kaka, ile linki mbona haifunguki?" Dada wa watu nilimtumia linki, akaangalia dakika mbili za mwanzo, akaitupia kwenye grupu la kamati, basi, akajua ameshatunza. Kamati nzima ile hakuna hata mmoja aliyeishusha. Na mimi nilishafuta (kosa langu, nakubali) maana diski ilikua imejaa na jumamosi kuna harusi nyingine.

Yaani tunachanganya kutuma na kutunza. Huduma nyingi za kutumiana mafaili bure zina muda wake, siku tatu, siku saba, halafu faili linafutwa, na imeandikwa pale pale ila nani anasoma. WhatsApp nayo inapitisha hadi GB 2 ukituma kama dokumenti, sasa mtu anatuma kama video ya kawaida inabanwa mpaka bibi harusi haonekani macho, halafu lawama kwa mpiga video.

Wengine wananiambia weka Google Drive. Sawa, ila zile GB 15 za bure sio za Drive peke yake, imeili zinakula humo humo, na tangu Juni 2021 picha mpya nazo zinahesabiwa, ikijaa hata imeili hazikufikii. Harusi moja kwangu ni kama GB 40. Kwa intaneti inayopandisha Mbps 5 hiyo ni karibu saa 18 bila kukatika, na umeme wetu huu jamani, bando likiisha katikati ndo unaanza upya.

Na hata ukilipia, bado ni nyumba ya kupanga. Januari 2012 Marekani waliifunga Megaupload, tovuti ya kuhifadhi na kutumiana mafaili, kwa kesi ya hakimiliki, wakabaki nje hata watu waliokua wameweka mafaili yao halali kabisa, kazi zao wenyewe.

Ndio maana mimi bado ni mtu wa fleshi, watu wanacheka eti ya kizamani. Ila na zenyewe uzijue. Ukinunua ya TB 2 kwa elfu kumi na tano umepigwa, itapokea kila kitu vizuri tu, siku ya kufungua hamna kitu. Na ikikataa faili linalozidi GB 4 usikimbilie kusema feki, imeformatiwa FAT32 hiyo, mpangilio wa zamani ambao faili moja haliruhusiwi kufika GB 4, iformati exFAT, mpangilio mpya zaidi (hamisha vitu vyako kwanza, kuformati kunafuta!) itakubali.

Sasa hivi bei yangu ina fleshi mbili ndani yake, moja ya maharusi moja ya wazazi, linki natoa kama nyongeza, ukitaka niondoe fleshi nipunguze bei basi tafuta mtu mwingine.

Yule dada tulihangaika wiki nzima. Kilichopatikana ni kipande cha dakika tatu cha keki, kimetikisika, kichwa changu kinaonekana pembeni, alikua nacho yule mjomba aliyeniziba.