Ukishalipa tiketi unaruhusiwa kuimba? Ugomvi wa mashabiki wa myuzikali

Aprili 2023 pale Palace Theatre, Manchester, shoo ya The Bodyguard ilikatizwa ikiwa imebaki kidogo tu iishe, walinzi wakaingia kwenye viti kutoa watu, polisi wakaitwa, na chanzo chake ni watazamaji waliokataa kuacha kuimba. Ulikuwa ule wimbo wa mwishoni mwa shoo, I Will Always Love You wa Whitney Houston unaojulikana dunia nzima, mwigizaji anauimba kule mbele na wao wamekazana kumpandia sauti mpaka asisikike. Mamia ya watu wengine waliokuwa wamelipa hela zao wakarudi nyumbani bila kuona mwisho. Tangu siku hiyo Waingereza wamegawanyika, upande mmoja unasema nimelipa na wimbo naujua kwa nini nikae kama nimegandishwa, upande mwingine unasema mimi nimelipa kumsikiliza aliye jukwaani sikulipa kukusikiliza wewe.

Kwa asiyefuatilia haya mambo, myuzikali ni igizo ambalo hadithi yake inabebwa na nyimbo, wanaongea kidogo wanaimba sana na bendi inapiga laivu hapo hapo. Nazipenda sana, za kwao na za kwetu, na huu ubishi naona wengi wanauchukulia kirahisi mno, eti wanaonyamaza ndio wastaarabu na wanaoimba ndio washamba, au kinyume chake, eti wanaonyamaza ni watu baridi waliokula uzungu. Mambo hayako hivyo kabisa.

Nianze na wanaotaka kimya maana hoja yao ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwenye konseti wimbo umekamilika wenyewe, ukiufunika na sauti yako hakuna anayepotea. Kwenye myuzikali wimbo ni maongezi, mhusika anaanza wimbo akiwa anampenda mtu na anamaliza ameamua kumwacha, sasa wewe ukiimba juu ya maneno yake yule mama aliyekuja mara ya kwanza na haijui hiyo hadithi anaachwa njiani. Halafu mwimbaji wa jukwaani haimbi kama rekodi. Anavuta neno, anakaa kimya kidogo kwa sababu mhusika analia, anaingia kwa kuchelewa makusudi, na mwongoza okestra anamfuata yeye. Wewe kwenye kiti unaimba ile ya redio uliyoizoea miaka 20, kwa hiyo unamtangulia, na wenzako wakikufuata unakuwa umemnyang'anya wimbo.

Kuna na jambo la sauti yenyewe ambalo watu hawalifikirii. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mtu aliyekaa mita 34 kutoka jukwaani anausikia muziki umechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na sauti yake ikirudi mbele inachelewa tena sehemu nyingine kama hiyo. Mbili juu ya kumi za sekunde ni nyingi mno kwenye mdundo, ndio maana ukumbi mzima ukipiga makofi unasikia yanaburuta au yanakimbia na bendi inahangaika. Mwimbaji anayeimba peke yake akizungukwa na watu elfu moja waliochelewa anaimba kwa shida kubwa, na kesho ana shoo nyingine, na keshokutwa nyingine, maana hawa watu wanafanya hadi shoo 8 kwa wiki.

Na hela. Tiketi ya West End, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo London, ya kiti kizuri inaweza kuvuka paundi 100. Mtu amejikusanyia pesa, amepanda treni kutoka mbali, akakutana na sauti ya jirani yake usiku kucha, huyo akilalamika siwezi kumwita mwenye roho mbaya.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo moyo wangu unapoegemea zaidi, ingawa sio wote.

Kimya cha ukumbi hakikushushwa kutoka mbinguni. Huko huko Ulaya, Italia ya karne ya 18, watu walikwenda opera kula, kupiga soga, kucheza kamari, na wakinyamaza basi ni kwa wimbo wanaoupenda, na ukiwakuna wanapiga kelele urudiwe palepale. Giza la ukumbi mzima na watu kukaa kimya wakitazama mbele lilipata nguvu sana baada ya Wagner, mtunzi wa opera Mjerumani, kufungua ukumbi wake wa Bayreuth mwaka 1876. Kwa hiyo mtu akikwambia kukaa kimya ndio namna ya asili ya kutazama maigizo ya nyimbo anakueleza desturi ya juzi tu kwa hesabu za historia.

Halafu kwetu. Oktoba 1976 pale Kenya National Theatre, Nairobi, lilipandishwa igizo la Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Ngũgĩ amesimulia kwamba waigizaji walipotoka na wimbo wa mwisho wakipita katikati ya viti wakicheza, watazamaji wakaungana nao, wakatoka nje ya jengo bado wanaimba wakaelekea upande wa Norfolk Hotel, mpaka polisi wakawazuia. Na kabla ya hapo kulikuwa na vita vya kupata siku za ukumbi, maana kalenda ilikuwa imeshagawiwa ballet ya Wafaransa na myuzikali ya Broadway kule New York, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Fikiria hapo, ukumbi wa taifa mmoja, miaka 13 baada ya uhuru, hadhira mbili ambazo hata namna ya kukaa kitini hazifanani. Mwaka uliofuata, 1977, Kamiriithu kule Limuru wanakijiji walijenga jukwaa lao wenyewe la wazi kwa igizo lingine la Ngũgĩ na mazoezi yakafanywa hadharani, mtu yeyote anakuja, anasahihisha lugha, anasema wimbo huo hauimbwi hivyo. Siku ya onyesho lenyewe watazamaji walikuwa wanazijua nyimbo kwa sababu wao ndio waliosaidia kuzipanga. Utamwambiaje mtu kama huyo nyamaza? Serikali ilifuta kibali Novemba mwaka huo huo, Ngũgĩ akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka, na 1982 jukwaa likabomolewa. Waliofanya hivyo walijua vizuri kwamba hadhira inayoimba pamoja ni kitu kikubwa.

Ila hapa lazima niwaambie wenzangu tunaopenda kushiriki kwamba tunajidanganya tukidhani kwetu ni holela. Angalia taarab. Kutunza kuna utaratibu mtu anaufuata bila kufundishwa darasani. Mama anasimama kitini, anakwenda mbele kwa mwendo wa kucheza, taratibu kabisa, noti imeshikwa juu ionekane, anamtunza mwimbaji, anaweza akasimama kidogo ubeti ule umfike aliyemkusudia (na aliyekusudiwa yupo pale pale ukumbini anajua), halafu anarudi kukaa. Maiki haigusi. Wimbo ameuchukua akaufanya wake, amesema neno lake zito kuliko ambaye angepiga kelele, na mwimbaji hajapoteza hata silabi moja. Huo ndio ushiriki wenye ustadi na sijaona mahali popote duniani ambapo mtazamaji amepewa nafasi pana namna hiyo bila kumvuruga msanii.

Na bado hata humo ladha zinagongana. Mtu wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha Zanzibar cha tangu 1905, aliyezoea ala za udi na kanuni na fidla na kukaa kitako kusikiliza shairi, ukimpeleka kwenye rusha roho, ile taarab ya kisasa, kinanda kimefunguliwa juu na ukumbi mzima umesimama unacheza, atakwambia hapo hakuna taarab. Na shabiki wa Khadija Kopa ukimkalisha kwenye taarab asilia atauliza mbona watu wamelala. Wote wawili ni wapenzi wa kweli, na hakuna hata mmoja anayekosea, kila mmoja amekwenda sehemu akijua usiku wa namna gani unamsubiri. Shida inaanza pale anayetaka kusikiliza na anayetaka kusimama wanapouziwa tiketi moja bila kuambiwa.

Na hiyo ndio hoja yangu yenyewe. Hasira za Manchester zilipikwa na waliouza shoo kabla hazijapikwa na walioimba. Myuzikali zinazoundwa kwa nyimbo za zamani zinazojulikana zinatangazwa kama pati, njoo na mashosti, utacheza mpaka kwenye njia za viti, baa iko wazi mpaka mapumziko, halafu mtu akifika anaambiwa tulia. Mwaka huo huo 2023 kampuni ya Ambassador Theatre Group yenye kumbi nyingi kule ilisema inazungumza na watayarishaji waache matangazo ya namna hiyo, jambo zuri lakini limechelewa.

Wapo waliofanya vizuri zaidi. Mamma Mia!, iliyofunguliwa London mwaka 1999, inakwenda kama igizo mpaka hadithi iishe, halafu baada ya waigizaji kuinama kushukuru wanapiga nyimbo mfululizo na ukumbi wote unasimama kuimba, yaani ile hamu iliyojazana masaa mawili imewekewa mlango wa kutokea. The Rocky Horror Show ina mashabiki wanaorusha maneno jukwaani, mchezo ulioanzia kwenye filamu yake miaka ya 70, na ukikaa nao utashangaa jinsi walivyo na nidhamu, kila neno lina sekunde yake na mwigizaji anaisubiri. The Lion King kule Broadway Oktoba 2011 walifanya shoo maalumu kwa familia zenye watoto wenye usonji, wakapunguza sauti na taa kali, mtoto akapaza sauti au akainuka hakuna anayemgeukia. Na mwandishi Dominique Morisseau wa Marekani, aliyeandika pia hadithi ya myuzikali ya kikundi cha The Temptations, aliwahi kuchoka na wazungu kumnyamazisha mtazamaji mweusi anayecheka kwa sauti, akaweka karatasi ndani ya programu ya igizo lake kusema kucheka kunaruhusiwa, kuitikia kunaruhusiwa, ila kumbukeni waigizaji wanawahitaji muwe pamoja nao, msiwavuruge. Kwa karatasi moja pande zote mbili zimeheshimiwa.

Nikifikiria kumbi zetu za Nairobi, Dar na Mombasa naona tuko mahali pazuri kuliko wao kwa sababu mwili wa mtazamaji wetu tayari unajua kutofautisha. Kigelegele hakiingii katikati ya neno, kinangoja sentensi ikae ndipo kinapasuka. Chukua Sarafina! ya Mbongeni Ngema, iliyoanzia Market Theatre Johannesburg 1987, kwetu watu wazima kwa watoto wanazijua nyimbo zake kwa sababu ya ile filamu ya 1992 iliyopigwa mashuleni na majumbani. Ilipopandishwa jukwaani Nairobi usingetegemea ukumbi unyamaze kwenye Freedom Is Coming Tomorrow, na kunyamaza hapo kungekuwa kama kuikataa, ule ni wimbo wa umati, umeandikwa uimbwe na wengi. Lakini shoo hiyo hiyo ina sehemu ambapo msichana mmoja amesimama peke yake anaeleza alivyoteswa rumande. Hapo mtu akijibu chochote, hata kwa nia njema, hata kwa machozi, ameingia mahali sipo. Sihitaji mtu wa Bayreuth kunifundisha hiyo, hata msibani kwetu kuna wakati wa kuitikia na kuna wakati wa kumwacha mfiwa aseme.

Wanaosema basi kila shoo iwe na usiku wake wa kuimba na usiku wake wa kimya nakubaliana nao kwa myuzikali za nyimbo za zamani, ifanyike, hasa wikiendi mchana familia zikiwa nyingi. Kwa igizo kama hilo la Ngema nisingependa kabisa, unalikata vipande viwili, umati siku moja na upweke siku nyingine, wakati nguvu yake iko kwenye kuvipitia vyote ndani ya usiku mmoja. Huko anatakiwa muongozaji afanye kazi yake, aonyeshe kwa taa, kwa jinsi waigizaji wanavyogeukia ukumbi, kwa mkono hata, kwamba sasa ni zamu yenu. Watu wanaelewa haraka sana.

Kinachoniuma ni kwamba wakati wakubwa hawajaamua, mzigo wote unamwangukia mhudumu wa ukumbi, kijana mwenye tochi na fulana ya shoo anayelipwa kidogo au halipwi kabisa, anatumwa kwenye mstari wa kiti gizani kumwambia mtu mzima, tena pengine umri wa mama yake, naomba usiimbe, na anatukanwa. Uingereza chama cha wafanyakazi wa maonyesho Bectu kimelipigia kelele hili muda mrefu, wapo waliosukumwa na kutemewa mate kazini. Mtayarishaji anaweza kusimama dakika moja kabla taa hazijazimwa aseme kwa mdomo wake leo mtaimba wapi na mtasikiliza wapi, aandike pia kwenye tiketi na kwenye bango, ili yule kijana akimwinamia mtu gizani awe anamkumbusha jambo ambalo kila mtu kalisikia.