Milango Tisa na Mume Mmoja

Kwa miaka 11 nimekuwa nikisoma hali ya hewa ya nyumba yangu kwa kusikiliza milango ya kabati la jikoni. Mlango wa vikombe ukifungwa taratibu, najua chai inakuja na maandazi yake. Ukibamizwa mara moja, najua nimesahau kununua gesi. Ukibamizwa mara mbili na kifuniko cha sufuria kikaanguka ndani, huvaa viatu na kwenda kumjulia hali jirani ambaye wala hajaugua. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kudharau milango, na kwamba sikukubali kirahisi pale mama watoto alipotangaza, masika ikiwa imeshika na ziwa limejificha nyuma ya mvua, kwamba ile milango yetu ya chipubodi imefikia mwisho wa maisha yake.

Kusema kweli alikuwa na haki. Mlango wa chini ya sinki ulikuwa umevimba upande wa chini kama mguu ulioumwa na nyuki. Chipubodi ni chembechembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, na ule utepe wa kufunika kingo ukishabanduka, kila dada anapopiga deki maji hupenya humo na kukaa kama mpangaji asiyedaiwa kodi. Skrubu za bawaba nazo zilikuwa hazishiki tena. Nilijaza matundu yake kwa njiti za kiberiti, nikajisifu kwa wiki mbili, kisha mlango ukaniangukia kwenye dole gumba la mguu mbele ya mchungaji aliyekuja kutuombea.

Nilidhani kuchagua mlango wa kabati ni kazi ya dakika tano, kwa kuwa mlango ni ubao unaofunika kitu, na anayejua kufunika hahitaji semina. Nikamwita fundi seremala, kijana mpole mwenye penseli sikioni, akapanda ngazi zetu za mawe hapa mlimani Mabatini, jijini Mwanza, akatoa futi kamba, akapima, akaandika, kisha akauliza swali ambalo tangu nioe sijawahi kuulizwa na mtu yeyote: "Mzee, humo ndani mnaweka nini hasa?"

Nikamwambia tunaweka vyombo. Akasema kwa adabu kwamba hilo halitoshi, kwa sababu mlango huchaguliwa kwa kufuata kilicho nyuma yake: vizuri huwekewa kioo, vibaya hufunikwa, vyenye majimaji huachiwa hewa, na vizito humaanisha rafu nene. Basi tukaanza kutoa. Yakatoka makopo 23 ya plastiki na vifuniko tisa, na kati ya vifuniko hivyo tisa hakuna hata kimoja kilichokubali kopo lolote kati ya yale 23. Ikatoka blenda iliyokufa, ambayo niliahidi kuipeleka kwa fundi umeme kabla mtoto wetu wa pili hajazaliwa. Mtoto huyo sasa yuko darasa la tatu. Ikatoka seti ya sahani za wageni ikiwa bado ndani ya boksi lake na utepe wa zawadi ya harusi, kumbe kwa miaka yote hiyo hatujawahi kupata mgeni wa kiwango hicho. Mwisho ikatoka sufuria kubwa ya sherehe ambayo ni ya jirani yule yule ninayemkimbilia. Fundi aliandika kila kitu, na nilipomwuliza anaandika nini akajibu, "Vya kufunika, mzee, vyote vya kufunika."

Shemeji yangu, ambaye hufanya kazi mjini na huingia kwetu kila Jumapili akiwa na picha mpya kwenye simu, hakukubaliana naye. Alitaka milango ya kioo yenye fremu za aluminiamu na taa ndogo ndani ya kabati, ili jioni jikoni pawe pananawiri kama duka la dhahabu. Sina ugomvi na kioo kama kioo. Hakivimbi, mchwa hawakili, na kinapanguswa kwa gazeti lenye unyevu. Ila huyu shemeji amezaliwa hapa hapa Mwanza na anawajua vizuri wale wadudu wadogo wa ziwani ambao siku nyingine hunyanyuka juu ya maji kama moshi wa shamba linaloungua, na ambao usiku hawana dini nyingine isipokuwa taa. Nilimwomba afikirie kabati lenye taa ndani, usiku wa wadudu, na asubuhi yake mimi nikikung'uta vikombe kabla ya kunywa chai. Akasema tutaweka mipira ya kuziba pembeni. Nikamwambia wadudu hao wameingia mpaka ndani ya saa yangu ya mkononi.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Sengerema. Hapa lazima niseme jambo kuhusu maendeleo. Zamani, habari kwamba mama mkwe ameondoka nyumbani ilinipa muda wa kutosha wa kufagia, kunyoa na kutafuta kisingizio, kwa kuwa kulikuwa na kivuko cha Kigongo na Busisi, na foleni ya kivuko haikumwonea huruma mama wa mtu. Tangu daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, yote hayo yamekwisha. Nilikuwa bado nina sabuni shavuni nilipomsikia akibisha hodi.

Mama mkwe ni mtu wa heshima na hawezi kumsemesha mkwe kwa ukaribu, kwa hiyo maoni yake yote kuhusu makabati aliyatoa kwa mjukuu, nami nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo nikitazama dirishani. "Mjukuu wangu, mwambie baba yako kwamba kabati la chakula ni la wavu." Alikuwa anazungumzia lile kabati la bibi zetu ambalo milango yake ni fremu za mbao zilizowambwa wavu mwembamba ili upepo upite na nzi wasipite, na ambalo miguu yake minne husimama ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wakija wakute bahari. Dagaa wakikaangwa jioni walilala humo na kuamka wazima. Mtoto akaniletea ujumbe huo huku akiuongezea maneno yake mwenyewe kuhusu pipi, na ninakiri kwamba kati ya ushauri wote niliopokea, huu ndio uliokuwa na akili kuliko yote, ila kwa fahari ya kijinga sikutaka kabati linalofanana na la bibi.

Mimi nilitaka mninga. Marehemu baba alikuwa na kitanda cha mninga kilichotoka Tabora, ambacho kimehama nyumba nne bila kulia hata mara moja, na mchwa walipokiendea walionja wakaondoka. Nilipoona milango tisa ya mninga akilini mwangu, niliona pia watu wakiulizana huyu bwana anafanya kazi gani. Fundi akanitajia bei, nami nikamwomba maji ya kunywa. Akanieleza kwamba hata pesa ingekuwapo, asingenitengenezea mlango wa ubao mmoja mpana, kwa sababu mbao hupumua: mvua ikinyesha zinatanuka kwa upana, kiangazi cha Juni na Julai zikinywea, na mlango usio na pa kupumulia hupinda kama mtumbwi. Dawa yake ni fremu ya vipande vinne, viwili vya wima na viwili vya kulala, na paneli ya katikati inayoingizwa kwenye mfereji bila kutiwa gundi, ili itanuke na kunywea humo humo bila kumsumbua mtu. Nilitamani ndoa nyingine zingejengwa hivyo, lakini sikusema, kwa kuwa mama watoto alikuwa amesimama karibu.

Mtindo huo una jina, akasema fundi, akatamka kitu nilichosikia kama "cheka". Nikacheka. Akanitazama kwa huruma na kunionyesha simu: Shaker. Nilipofuatilia nikagundua kwamba Shaker walikuwa watu wa dini waliotoka Uingereza kwenda Marekani mwaka 1774, wakaishi kwa kazi na sala, wakatengeneza samani zisizo na nakshi wala mbwembwe, na jambo la muhimu kuliko yote, hawakuoa wala kuolewa. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi watu hao walivyoweza kufikia uamuzi kuhusu mlango wa kabati. Hakuna aliyekuwa na mke, hakuna aliyekuwa na shemeji, na mama mkwe hakuwapo upande wowote wa daraja.

Ikabaki swali la malighafi ya bei ya binadamu, na hapo niliamua kufanya utafiti wangu. Nilimwomba fundi vipande vinne vya ukubwa wa sabuni ya kufulia: chipubodi, MDF, MDF nyingine ambayo niliipaka rangi ya mafuta pande zote sita, na plaiwudi ya marini, ile iliyounganishwa kwa gundi isiyoogopa maji. Usiku nikavitumbukiza kwenye ndoo ya maji na kuweka jiwe juu. Asubuhi chipubodi ilikuwa imefumuka kama mkate uliosahaulika kwenye chai. MDF tupu, ambayo nayo ni nyuzi laini za mbao zilizokandamizwa kwa gundi, ilikuwa na uso mzuri kabisa, ila pembeni ilikuwa imenenepa kama mtu aliyeongezewa cheo. Ile iliyopakwa rangi ilikuwa bado inajitahidi. Marini ilikuwa nzito, imenuna, lakini ina umbo lake. Nilikuwa nimeinama na futi kamba nikiandika milimita wakati mama watoto alipoingia na kuniuliza kwa nini nimetumia ndoo ya kulowekea maharage, na yule wa darasa la tatu akauliza kama hiyo mihogo itaiva leo.

Hata hivyo utafiti ulizaa matunda. Tulikubaliana, yaani niliarifiwa, kwamba milango minane itakuwa ya MDF yenye mfano wa fremu, iliyopakwa rangi mbele, nyuma na kwenye kingo zote, na ule wa chini ya sinki utakuwa wa mninga wenye luva, yaani vibao vya mshazari vilivyoachiana nafasi, ili unyevu wa bomba upate pa kutokea. Mama mkwe alipoelezwa alimwambia mjukuu kwamba luva ni wavu uliosoma. Fomeka, ile karatasi ngumu ya plastiki inayobandikwa juu ya ubao, tuliiacha ijapokuwa ni ngumu na haiogopi maji. Rangi aliyoitaka mama watoto haikupatikana, na iliyopatikana ilimkumbusha ofisi.

Sasa nije kwenye kosa langu. Fundi alitaka kukata kila kitu karakanani kwake, kisha alete vipande. Mimi nikashikilia kwamba ubao ukatwe nyumbani mbele ya macho yangu, kwa hofu kwamba vipande vitakavyobaki vitageuka meza ya mtu mwingine. Ubao mzima wa MDF ni futi nane kwa nne, na ule wa milimita 18 una uzito wa karibu kilo 40. Vijana wawili waliubeba kutoka barabarani saa tisa alasiri, saa ile ambayo kila mtoto wa Mwanza anajua kwamba upepo wa ziwani umeshapanda milima. Walipofika kwenye kona kati ya majabali mawili, ubao ukajaa upepo. Kijana wa mbele akageuka upande wa ziwa bila kukusudia, wa nyuma akaanza kukimbia bila kuulizwa, na kwa muda wa pumzi tatu tulikuwa na jahazi mlimani. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akishona nyavu alipiga kelele, "Shusheni tanga! Shusheni tanga!" Walilishusha juu ya banda la kuku la jirani. Ndiyo, yule yule. Kona moja ya ubao ikapondeka, kuku mmoja akaacha kutaga kwa wiki nzima, na sufuria kubwa ya sherehe ikarudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo ikiwa imejaa mchele, kwa njia ya kuomba radhi.

Kazi ilipoanza, fundi aligundua kwamba ukuta wetu wa nyuma haujanyooka, kwa kuwa mjenzi aliufuatisha jabali badala ya timazi, kwa hiyo hakuna milango miwili yenye kipimo kimoja. Alivumilia. Alitoboa matundu ya milimita 35 kwa ajili ya bawaba za kujificha, mbili kwa kila mlango na tatu kwa ule mrefu wa unga na mchele, jumla bawaba 19. Shemeji ndiye aliyezichagua: ni zile ambazo mlango ukiusukuma kwa nguvu kiasi gani, karibu na mwisho hushikwa na mkono usioonekana na kujifunga wenyewe polepole. Wote walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Leo ni siku ya nne. Jikoni ni pazuri, siwezi kukataa. Jana jioni nilirudi nimechelewa, mikono mitupu, nikakaa sebuleni nikatega sikio. Mlango wa vikombe ulifunguliwa, ukasukumwa, nikasubiri. Ukatoa sauti kama ya mtu anayepuliza chai. Ukafunguliwa wa sufuria, ukapuliza vile vile. Sikujua kama gesi ipo au imekwisha, kama nimesamehewa au la, wala kama nibaki au nivae viatu.

Nilivaa kimoja.